Tumbo kubwa, matundu madogo

Nesi wa teatri haulizwi sana maoni yake, lakini blogu ni yangu. Mama wa kilo 130 akiletwa kutolewa kizazi kwa sababu ya saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, mimi huogopa kidonda cha tumboni kuliko hata hiyo saratani. Mara nyingi ugonjwa huu hujitangaza mapema, damu inatoka wakati hedhi ilishakoma. Na unene unahusika moja kwa moja: mafuta ya mwilini huendelea kutengeneza estrojeni, homoni inayokuza ukuta huo, hata ovari zikishastaafu, ukuta ukazidi kukua bila projesteroni, homoni ya kuuzuia.

Upasuaji wa kufungua tumbo nimeusimamia Dar, na hapa Uingereza bado tunaufanya. Kabla ya kisu tunavuta mkunjo wa tumbo kuelekea kifuani na kuubandika kwa plasta pana. Ukiuinua unakuta ngozi ya chini imelowa jasho, pengine na fangasi. Sasa pitisha mshono karibu na hapo, mafuta yamejaa, sukari iko juu. Siku chache baadaye, usaha. Wengine kidonda kinafumuka, wengine ngiri inatokea kwenye mshono. Na mtu asiyeweza kunyanyuka kitandani damu humganda miguuni.

Upasuaji wa matundu madogo, kamera na vyuma virefu vikipitishwa tumboni bila kulifungua, unaondoa sehemu kubwa ya balaa hilo, wala mgonjwa hapunjwi kwenye saratani. Utafiti wa LACE, uliolinganisha njia hizo mbili na kutolewa mwaka 2017, ulikuta baada ya miaka minne na nusu wanawake walio hai bila ugonjwa kurudi ni kama asilimia 81, aliyefunguliwa na aliyetobolewa sawasawa.

Shida ni kulala kichwa chini. Tumbo linajazwa gesi, kitanda kinainamishwa ili matumbo yasogee, na uzito wote unalalia mapafu. Mashine ya kupumulia inaanza kupiga alamu, daktari wa usingizi anasema, "Nirudishieni juu kidogo," na mpasuaji haoni tena nyonga. Katika utafiti wa LAP2 wa Marekani, mwaka 2009, walioanza kwa matundu wakiwa wamezidi BMI 40 (kipimo cha uzito kwa urefu; 40 ni unene mkubwa sana), zaidi ya nusu waliishia kufunguliwa.

Roboti imesaidia hapo. Mikono yake inashikilia ukuta wa tumbo, mpasuaji amekaa zake kwenye kiti, hapigani na mafuta kwa vyuma virefu. Mara nyingi haihitaji kuinamisha sana. Ila bei yake, jamani! Mimi nikipewa kuchagua kati ya roboti ya maonyesho na daktari aliyezoea matundu kila wiki, namchukua daktari.

Ile njia ya zamani ya kutolea kizazi ukeni watu wanaidharau. Tezi za limfu huzifikii, kweli, lakini tumbo haliguswi, na kwa mama mwenye moyo mbovu inaweza kufanyika kwa sindano ya mgongo tu. Asiyeweza upasuaji kabisa huwekewa kitanzi chenye homoni, akafuatiliwa.

Kwa hiyo binamu yangu aliponipigia kuhusu upasuaji kama huu wa mama mkubwa, nilimwambia asianze na bei. Amuulize daktari wa usingizi kama watamjaribu kwenye mwinamo kabla ya kukata: afungwe vizuri kwenye godoro lisiloteleza, kitanda kiinamishwe dakika chache, presha za mapafu zisomwe. Akivumilia, matundu. Asipovumilia, wajue mapema.