Siku moja maishani mwangu: jibu lililorudi tupu

Saa 2 asubuhi. Nililala na kosa, nimeamka nalo. Programu-jalizi yangu, yaani programu ndogo ninayoongeza kwenye kivinjari, inatakiwa kukumbuka sentensi ninazopigia mstari kwenye kurasa za wavuti. Skripti ya ukurasani (msimbo unaokaa ndani ya ukurasa) inatuma ujumbe kwa skripti ya nyuma (msimbo unaofanya kazi nje ya ukurasa) kuuliza zilizohifadhiwa, zipo 14, na jibu linarudi "undefined", yaani tupu. Nyaraka nilizo nazo zinasema tu kwamba kitendakazi cha kujibu, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina, "hutuma jibu". Lini na kwa masharti gani, kimya.

Saa 4. Nimeziacha nyaraka, nimeingia kwenye msimbo wa kivinjari chenyewe, kwa kuwa uko wazi kwa yeyote. Faili za majaribio ndizo zinazonifundisha. Aliyeunda kitendakazi alilazimika kukiita ili akipime, kwa hiyo kila jaribio ni mfano unaofanya kazi kweli. Huko nikakuta "return true" mwishoni mwa msikilizaji wa ujumbe, yaani msimbo unaopokea ujumbe ukifika. Kumbe jibu likichelewa, kama langu linalosubiri kusoma hifadhi, msikilizaji asiporudisha "true" njia inafungwa kabla jibu halijafika. Nikaongeza mstari huo mmoja. Sentensi 14 zikaja! Nilisimama nikazunguka chumbani kwa furaha.

Saa 8 mchana. Kosa la pili ni gumu zaidi. Hesabu ya sentensi nilizoongeza leo inarudi sifuri kila nikipumzika kidogo, lakini nikifungua dirisha la ukaguzi, lile la kivinjari la kutazama msimbo ukifanya kazi, ili niitazame, inatulia. Nimepoteza saa nzima kwa kuamini dirisha hilo.

Saa 9. Nimeacha kubahatisha. Nikaandika mistari mitatu: skripti ya nyuma ikianza, iweke saa iliyoanza kwenye hifadhi. Nikafunga dirisha la ukaguzi. Nikasubiri sekunde 20, nikatuma ujumbe: saa ni ileile. Nikasubiri 40, nikatuma tena: saa mpya, kumbe ilizimwa ikaanza upya. Katika toleo la 3 la manifesti (faili inayoieleza programu-jalizi kwa kivinjari), skripti ya nyuma isiyo na kazi huzimwa baada ya sekunde 30 hivi, na vigeu vyake vyote, yaani thamani inazoshika kwa muda, hupotea. Dirisha la ukaguzi likiwa wazi, haizimwi.

Saa 11 jioni. Hesabu nimeihamishia "storage.local", hifadhi ya kivinjari inayobaki hata skripti ikizimwa. Kisha nikaandika daftarini yote mawili, pamoja na mistari ya jaribio, ili atakayekwama hapa aweze kulirudia mwenyewe.

Saa 3 usiku. Nimefunga kivinjari, nikakifungua tena. Sentensi zote zipo.