Anayesema Tusubiri

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nilikuwa nasoma Matendo 27, nikakwama mstari wa 11. Paulo amekwisha kuwaonya kwamba safari ina hatari, lakini akida anawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Hakuwa mtu mbaya yule akida. Tangu Sidoni alimtendea Paulo kwa wema. Ila wenye chombo walitaka kuondoka, na watu 276 wakaingia baharini.

Nikamkumbuka Bob Ebeling. Alikuwa mhandisi wa kampuni ya Utah, Marekani, iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga Challenger. Jioni ya Januari 27, 1986, yeye na wenzake, akiwemo Roger Boisjoly, walisema msirushe. Kule Florida usiku ule baridi ilikuwa ya kugandisha maji, na pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hukakamaa kwenye baridi, gesi ya moto ikapata pa kupenya. Maungio yale hayakuwahi kurushwa yakiwa na baridi kuliko nyuzi 12 hivi. Katika kikao cha simu ofisa mmoja wa NASA, shirika la anga la Marekani, akauliza kama walitaka asubiri mpaka Aprili. Wakubwa wa kampuni wakajitenga kujadiliana, na mkuu wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Waliporudi kwenye simu wakasema rusheni. Kesho yake, sekunde ya 73, chombo kilisambaratika na watu wote saba wakafa, akiwemo mwalimu Christa McAuliffe, huku wanafunzi wakitazama.

Wapendwa, niseme bila kuficha. Sisi pia tunawanyamazisha wanaosema tusubiri, tena tunawaambia wana imani haba! Fundi anasema zege la kanisa halijakomaa, tunamjibu kwamba askofu amekwisha kualikwa. Dada wa kwaya anasema dereva amechoka, tunaanzisha pambio na basi linaondoka usiku ule ule. Hiyo ni haraka yetu, tumeivisha joho la imani. Shetani alipomtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, alimnukulia Zaburi ya malaika. Yesu akakataa kumjaribu Mungu.

Rick Husband, kamanda wa Columbia, chombo kingine cha anga cha NASA, alikuwa mcha Mungu kweli. Kabla ya kuondoka aliwarekodia watoto wake ibada fupi, moja kwa kila siku ambayo angekuwa mbali. Wakati wa kuruka, kipande cha povu kilipiga bawa la kushoto. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha, ombi lao likaishia njiani, na Februari 1, 2003 wote saba walikufa wakirudi duniani. Mimi naamini Mungu alimsikia Husband. Walioshindwa kusikia ni wale walioombwa picha.

Lakini kilichoninyima usingizi ni Ebeling mwenyewe. Alijilaumu miaka 30. Mwaka 2016 aliiambia redio moja ya Marekani kwamba Mungu alikosea kumchagua yeye kwa kazi ile. Ninamjua mtu wa namna hiyo katika ushirika wetu: alionya, akapuuzwa, msiba ukaja, na leo anajihukumu yeye huku waliompuuza wakilala vizuri. Ndugu yangu, soma Ezekieli 33. Mlinzi aliyepiga tarumbeta amejiokoa roho yake. Usijibebeshe damu ambayo Mungu hakuidai mkononi mwako.

Wasikilizaji wengi walimwandikia Ebeling barua kumwambia kwamba alifanya lililompasa. Akasema moyo wake umetulia kidogo, na Machi mwaka ule ule akafariki. Wageni ndio waliomwandikia! Kanisa lisisubiri miaka 30. Kama kuna mtu aliyewahi kukuonya ukampuuza, mpigie wiki hii, umwambie wazi: wewe ulisema, sisi ndio hatukusikia.