Crystal Beach: Gati Lililobaki Bila Meli

Kutoka Buffalo, Marekani, ninakoishi, hadi Crystal Beach upande wa Kanada si mbali ukishavuka daraja la Peace Bridge, mradi foleni ya mpakani isiwe ndefu. Nilikwenda huko Jumamosi moja ya Agosti kwa sababu wazee wa mtaani kwangu, kila joto linapopanda, hawaachi kuitaja bustani ya burudani iliyokuwa hapo kando ya Ziwa Erie, na huitaja kama watu wa kwetu Kigoma wanavyoitaja MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, utadhani ni ndugu yao.

Bustani hiyo ilianza mwaka 1888 kama kambi ya mikutano ya dini. Mwanzilishi wake, John Rebstock, hakuchukua muda kutambua kwamba waliokuja kusikiliza mahubiri walivutiwa zaidi na mchanga na michezo ya pembeni, na mwaka 1890 mahubiri yakaipisha biashara. Tangu hapo mji ukawa unaishi kwa kiangazi. Meli Canadiana, iliyoanza kazi mwaka 1910, ilivusha watu kutoka Buffalo na kuwashusha kwenye gati la bustani. Mwaka 1927, mwaka uleule daraja lilipofunguliwa, ikajengwa Cyclone, reli ya vigari vinavyopanda na kuporomoka, ambayo ukali wake ulikuwa wa kupindukia hata, kama inavyosimuliwa, muuguzi akawekwa hapohapo kuwahudumia wanaozirai. Ilivunjwa baada ya msimu wa 1946, na sehemu ya chuma chake ikatumika kujenga nyingine iliyoitwa Comet, iliyofunguliwa mwaka 1948.

Kuna kipande ambacho wazee wangu hukiruka. Tarehe 30 Mei 1956 vijana weusi na weupe walipigana bustanini, na ugomvi huo ukaendelea ndani ya Canadiana ilipokuwa ikirudi Buffalo usiku. Msimu huo ukawa wa mwisho kwa meli hiyo katika safari ya Crystal Beach. Bustani yenyewe iliendelea hadi tarehe 4 Septemba 1989, lakini kwangu mimi mji ulianza kupungukiwa siku ile meli ilipoacha kuja, kwa kuwa asiye na gari ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukosa.

Baada ya kufungwa, mali ziliuzwa kwa mnada. Comet ilinunuliwa, ikafunguliwa tena mwaka 1994 karibu na Lake George, jimboni New York, na huko bado inawapigisha watu mayowe. Ardhi iliyobaki ikawa mtaa wa makazi wenye geti. Nilisimama mbele ya kizuizi chake kwa dakika chache, nikaona nyumba nadhifu na maua yaliyokatwa kwa mstari, kisha nikageuka kwa sababu sikuwa na mwenyeji ndani. Kwa mtu aliyekulia karibu na Kibirizi, ufukweni Kigoma, ambako dagaa huanikwa, watoto huoga na mitumbwi hushusha abiria pwani hiyohiyo moja, ziwa lenye geti ni jambo gumu kulizoea.

Sisemi kwamba mji umekufa. Vinyumba vya mbao vya wageni wa zamani vimepakwa rangi upya, vingi vikiwa nyumba za mapumziko, na migahawa ilijaa siku ile. Manispaa ya Fort Erie, ambayo Crystal Beach imekuwa sehemu yake tangu 1984, inamiliki ufuo wa Bay Beach, nami nililipa kiingilio kama mgeni mwingine yeyote. Ladha za bustani nazo hazikuondoka: kinywaji chekundu cha loganberry bado kinauzwa, hata madukani Buffalo, na mandazi membamba ya sukari, yale wanayoyaita wafo, bado yanakaangwa.

Nilinunua moja, nikaketi mchangani. Sukari ya unga ilinimwagikia magotini nilipouma mara ya kwanza. Upande wa pili wa uzio, gati la zege lilikuwa limenyooka kuingia ziwani, na watu wawili walikuwa wamesimama juu yake wakivua samaki.