Cheti kwenye sanduku la bati
Nilipokuwa Kapteni nilisubiri cheo cha Meja kama mtu anayesubiri daladala saa sita usiku. Wenzangu niliotoka nao Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, wakavikwa, mimi kimya. Siku moja afande mmoja akanifungulia jalada langu: cheti cha kozi hakimo! Kilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la bati, kimekunjwa pamoja na picha za harusi. Uzembe wangu mwenyewe, nakala sikuwahi kupeleka.

Wadogo zangu Maluteni, kila mkimaliza kozi hakikisheni karatasi imefika. Vituo vya porini msivikwepe, kwenye kombania, yaani kundi la askari unaloliongoza, ndiko unakojulikana. Duluti nayo, chuo cha ukamanda na unadhimu, ianzeni kuiwazia mapema.

Nilipovikwa hatimaye, mama watoto alipiga vigelegele hadi bendi ikanyamaza.