Tarakimu Sita

Mimi ni kijumbe, yaani mkusanyaji hela, wa mchezo wa kupeana hela (upatu) wa akina mama kumi na wawili mtaani kwetu, Dar es Salaam. Hela za watu zinapita mikononi mwangu kila Jumamosi, kwa hiyo nilijiona mjanja. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" huwa nazicheka, nazipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, naendelea na shughuli zangu.

Siku hiyo mwenzetu mmoja wa mchezo akaniandikia WhatsApp: "Shoga, nimebadilisha simu, kuna namba sita zimekuja kwako kimakosa, nitumie haraka." Kweli, SMS ilikuwa imeingia. Nilikuwa nasonga ugali. Nikazitazama, nikamtumia. SMS yenyewe ilisema nisimpe mtu yeyote, lakini nani anasoma mpaka mwisho na mwiko mkononi?

Ugali haujaiva, WhatsApp ikanitoa.

Kumbe niliyekuwa naandikiana naye si yule mwenzetu. WhatsApp yake ilishachukuliwa asubuhi, kwa ujanja huohuo. Tapeli aliandika namba yangu kwenye simu yake, WhatsApp ikatuma tarakimu za kuthibitisha kwa mwenye laini, ambaye ni mimi, na mimi nikampelekea. Hakuna utaalamu wowote wa kompyuta hapo.

Nilijua mambo yameharibika wifi yangu aliponipigia: "Wifi, nani kalazwa? Mbona unaomba laki na nusu?" Nikampigia mama anayesimamia kundi letu aitoe namba yangu, kisha mtoto wa dada yangu, ambaye ni fundi simu Kariakoo. "Mama mdogo, usilie kwanza," akasema. "Andika namba yako upya, omba tarakimu nyingine."

Zikaja. Nikaziingiza, halafu nikaulizwa PIN ambayo sikuwahi kuiweka. Aliiweka tapeli! Huo ndio uthibitishaji wa hatua mbili, ambao mimi kila ulipopendekezwa niliuruka. Ningekuwa nao, zile tarakimu nilizomtumia zisingemfikisha popote. Bila PIN yake nilitakiwa kusubiri siku saba. Afadhali moja tu: nilipoingiza tarakimu mpya, naye alitolewa palepale. Akaunti ikawa kama nyumba yenye kesi mahakamani, mimi siingii, yeye haingii.

Alikuwa amekaa humo kama dakika arobaini. Mazungumzo ya zamani hakuyaona, yale hubaki kwenye simu ya mwenyewe, ila makundi aliyaona na watu wote waliomo. Mmoja wa mchezo alishamtumia 50,000. Tulipiga huduma kwa wateja wa mtandao wazuie muamala, lakini hela ilishatolewa kwa wakala. Nikachukua RB polisi, yaani namba ya taarifa niliyoripoti, na ile elfu hamsini nikailipa mimi. Kijumbe akianza kubishana juu ya hela ya mtu, mchezo umekufa.

Siku saba hizo nilipiga simu mpaka sauti ikakauka. Siku ya nane nikaingia, nikaweka PIN yangu (si mwaka wa kuzaliwa, huo hata mtoto wa jirani anaujua) na barua pepe ya kunisaidia nikiisahau. Nikakagua pia vifaa vilivyounganishwa, nisije nikawa naishi na mgeni. Kwenye mchezo tukakubaliana: anayeomba hela kwa maandishi anapigiwa, sauti isikike, hata kama anayeomba ni kijumbe.

Wa mwisho kumpigia alikuwa baba mkubwa, yuko Tanga. Niliogopa kweli, maana yule mzee hana moyo wa kuninyima. Alikuwa ameandikiwa: "Habari, naomba laki moja, nitarudisha kesho." Hakujibu kitu. Nilipoanza kumwomba radhi akacheka.

"Nilijua si wewe, mwanangu. Wewe tangu lini ukaniandikia bila shikamoo?"