Nilivyoifunga kompyuta Scrabble nikiwa na U tatu mkononi

Nina steshenari ndogo Nyegezi, Mwanza, si mbali na stendi ya mabasi. Natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, naweka vyeti vya watu laminesheni. Wanafunzi wakienda likizo biashara inalala kabisa. Unaweza kukaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa umehudumia mtu mmoja tu, na huyo kaja kununua peni ya bluu. Katika likizo moja ya namna hiyo ndipo nilipoanza kufungwa na kompyuta.

Programu yenyewe niliachiwa na kijana aliyekuja kuchapa ripoti yake ya utafiti. Alipokuwa anasubiri kurasa zitoke akaniuliza, "Dada, unajua Scrabble?" Nikamwambia mchezo huo wa kupanga herufi kuwa maneno ubaoni, kila herufi na pointi zake, tulicheza sekondari, ubao mmoja darasa zima, tena nusu ya herufi zimepotea. Akachomeka flashi, akaniwekea Quackle, programu ya kucheza Scrabble na kompyuta. Ni ya bure na haihitaji bando. Alipokuwa anatoka akasema kama utani kwamba programu hii ilishamfunga bingwa wa zamani wa dunia. Nikadhani ananitisha. Baadaye nikakuta ni kweli: mwaka 2006 huko Toronto ilimshinda David Boys, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Kwa hiyo mimi wa Nyegezi sikuwa na cha kuonea aibu, ila aibu niliiona.

Matokeo nilikuwa naandika ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni. Michezo 38, sijashinda hata mmoja. Nilikuwa nacheza kama mtu anayefanya mtihani wa Kiingereza: natafuta neno refu, neno la kisomi. Siku moja nilishusha MARKET nikajiona profesa. Kompyuta ikajibu kwa QI. Herufi mbili tu! Q ilikaa kwenye kiraba kinachozidisha herufi mara tatu, halafu neno likasomeka kulia na likasomeka chini pia, likahesabiwa kote kuwili. Pointi 62. Nilifunga kompyuta nikaenda kununua karanga.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo huu haupimi Kiingereza. QI ni nguvu ya uhai kwa Wachina, ZA ni namna Wamarekani wanavyokatisha neno pizza, XU ni sarafu ya zamani ya Vietnam. Kompyuta haijui hata moja kati ya hayo. Inachojua ni kwamba yamo kwenye orodha ya maneno yanayokubalika. Na binadamu wa namna hiyo yupo: Nigel Richards wa New Zealand, mwaka 2015, alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Alimeza orodha tu.

Nikachukua karatasi zilizoharibika kwenye mashine, nikaandika upande mweupe maneno yote ya herufi mbili, ambayo kwenye kamusi ya Collins yanazidi 120, nikazibandika kwa selotepu ukutani juu ya fotokopi. Wateja walidhani ni bei mpya. Mama mmoja alisimama akazisoma weee, kisha akauliza, "Dada, hii ZA ni shilingi ngapi?"

Orodha ile ilinisaidia, lakini si kiasi cha kushinda. Nilikuwa nafungwa kwa pointi 200, nikawa nafungwa kwa 90.

Aliyenifungua macho ni mzee fundi viatu anayekaa kibarazani kwangu. Kiingereza hajui, ila kwenye drafti watu wanamkimbia hapa mtaani. Kazi ikipungua alikuwa anavuta kigoda, anatazama skrini bila kusema neno. Siku ya tatu au ya nne akanena: "Binti, wewe unaangalia unachokula. Mwenzako anaangalia anachobakiza."

Anayejua drafti ataelewa haraka. Unamlisha mtu kete moja, anakula kwa furaha, kumbe umemfungulia njia ya kuliwa tatu. Na kompyuta ndivyo inavyocheza. Inaorodhesha kila neno linaloweza kukaa ubaoni kwa herufi zake saba, lakini haichukui tu lenye pointi nyingi. Inajumlisha pointi za neno na thamani ya herufi zitakazobaki mkononi. Ndiyo maana mara nyingine ilikuwa inashusha neno la pointi 14 wakati mimi naona la 20. Ilikuwa inatunza S, au ile herufi tupu inayoweza kugeuzwa kuwa herufi yoyote, ikisubiri kushusha zote saba kwa mpigo na kuchota zawadi ya pointi 50.

Nikabadilika. S nikaacha kuzitupa hovyo, maana ziko nne tu. Nikawa naangalia nisibaki na irabu tupu wala konsonanti tupu. Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa kubadilisha herufi: unarudisha mbaya mfukoni, unachukua nyingine, unapoteza zamu. Kwangu ilikuwa kama kurudisha mteja. Lakini ukiwa na V mbili, W na U mbili, kushusha neno la pointi sita ili tu usionekane mjinga ni ujinga wenyewe.

Kisha nikaanza kuhesabu, na hapa steshenari ilinifaa. Mtu anayeuza karatasi kwa rimu anajua kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Scrabble ya Kiingereza ina herufi 100: E 12, A tisa, I tisa, mpaka Q moja, Z moja, J moja, X moja. Na K moja! Hiyo K moja ilinikera sana kama Mswahili. Aliyepanga idadi hizo ni Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, akakaa anahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti. Nami nikajaribu na kipande cha gazeti la Kiswahili kilichofungia maandazi. A zilinishinda kuhesabu, K zilikuwa kila mstari, Q na X sikuziona kabisa. Siku tukitengeneza Scrabble yetu, K moja haitatutosha hata kuanza sentensi.

Basi, kila mchezo nikawa naandika herufi zote 100 kwenye karatasi, inayotoka naikata kwa peni. Mfuko ukiisha, zile ambazo sijazikata na sinazo mimi ndizo ziko kwa mwenzangu.

Silaha nyingine ilikuwa nyumbani siku zote. Kamusi ile ya Kiingereza imejaa maneno yetu. Nilijaribu SAFARI, ikapita. Nikajaribu UGALI kwa mzaha, ikapita. MATATU, DUKA, KANGA, BWANA, SIMBA, PANGA, zote zikapita. MZEE ni pointi 15 bila msaada wowote, KANZU ni 18. Mzungu wa London anakaa kumeza KANZU kama mimi ninavyomeza XU, wakati mimi naziona zikining'inia madukani Makoroboi, hapa mjini.

Mchezo wa 61 niliucheza alasiri moja ya mwezi wa nne. Wingu zito lilitoka ziwani, likafunika vile vilima vya mawe, umeme ukakatika kabla hata tone la kwanza halijaanguka. Fotokopi kimya, mtaa kimya, kompyuta ina betri asilimia 31. Mzee akaingiza viatu vyake ndani visilowe, akakaa.

Mfuko uliisha nikiwa nyuma kwa pointi 19. Mkononi nilikuwa na U tatu, H, N, E na T. Ukiziona herufi hizo unaweza kulia. Lakini karatasi yangu ilisema jambo jingine. U ziko nne mchezo mzima: moja ilishakwama katikati ya maneno, tatu ninazo mimi. Q haijatoka. Mimi sina. Kwa hiyo anayo yeye, na hana U, ambayo kwa Kiingereza karibu kila mara ndiyo huifuata Q.

Njia yake ilikuwa QI. Kulikuwa na I moja ubaoni, mwanzo wa neno lililoshuka chini, na kushoto kwake kiraba kitupu. Maneno mengine ya Q bila U yapo, nilitafuta pa kuyaegesha sikuona. Nikaandika NET kwa kushuka, T ya mwisho ikatua palepale kushoto kwa I, ikazaa TI. Pointi tano tu.

"Umeandika nini?" mzee akauliza.

"Wavu, mzee."

"Wa kuvulia nini?"

"Q."

Akaguna. Mvua sasa ilikuwa inapiga bati hadi inabidi tupaze sauti. Nilikuwa nimebaki na U tatu na H, na macho yangu yako kwenye R moja chini ya ubao, juu yake viraba vitatu vitupu, chini yake kimoja. Kompyuta ingeweka chochote pale ningekuwa nimekwisha. Nadhani kwa kiwango cha haraka nilichoiwekea haikupiga hesabu hadi mwisho, sitaki kujisifu. Ilishusha herufi nne upande wa pili kabisa, ikapata 18. Ikabaki na Q na E.

Nikaweka U. Nikaweka H. Nikaweka U juu ya ile R, na U ya mwisho chini yake, kwenye kiraba kinachozidisha neno mara mbili. UHURU. Pointi nane mara mbili, 16. Na kwa kuwa nimemaliza mimi kwanza, thamani ya herufi zilizobaki kwake, 11, ikazidishwa mara mbili ikaja kwangu: 22.

Nilikuwa nyuma kwa 19. Baada ya NET, nyuma kwa 14. Ilipojibu, nyuma kwa 32. UHURU ikanifikisha nyuma kwa 16, na zile 22 zikanivusha. Nilihesabu kwa kidole mezani mara mbili kabla sijaamini namba za skrini: 371 kwa 365.

Nilipiga kelele mpaka muuza chipsi wa jirani akachungulia akidhani nimepigwa shoti, na umeme wenyewe haupo. Nikamsomea mzee lile neno. Hilo hakuhitaji kutafsiriwa. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Sasa yeye kasemaje?"

"Hajasema kitu, mzee. Anauliza kama tuanze mwingine."

Betri ilikuwa imebaki asilimia 12. Tukaanza mwingine. Akafungua kwa neno la herufi saba.