Ili utibiwe hofu ya watu, sharti kwanza upite kwa watu

Mtu aliyevunjika mguu haambiwi apande ngazi za ghorofa tano ndipo amwone daktari wa mifupa. Sisi wenye hofu ya watu ndivyo tunavyoambiwa. Piga simu uombe miadi. Fika mapokezi ujitambulishe. Eleza shida yako huku foleni nzima ikisikiliza. Kisha kaa usubiri kuitwa jina kwa sauti. Hayo manne ndiyo hasa ninayoyatafutia tiba!

Tuelewane kidogo: sisemi habari za kuona haya. Mwenye haya huingia, akajikunyata dakika chache, akazoea. Mimi kikao huanza kunitesa siku kadhaa kabla hakijafika. Nikiwa ndani, macho yangu yote yako kwangu mwenyewe: sauti inatetemeka? uso umebadilika? wameona? Kikiisha, nalala nikikipitia neno kwa neno kama hakimu. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu katika mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili mwaka 1980, na siku hizi kipimo kimojawapo ni kwamba hali iwe imedumu miezi 6 au zaidi na iwe inavuruga maisha. Mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubalehe, kwa hiyo wengi wetu tunafika ukubwani tukidhani ndivyo tulivyoumbwa.

Sasa hapa ndipo panaponikera. Ukipima watu majumbani, wanawake wenye hofu hii ni wengi kuliko wanaume. Ukihesabu wanaofika kutibiwa, pengo hilo linapotea, na wakati mwingine wanaume ndio wanaozidi kidogo. Wale wanawake wengine wako wapi?

Nadhani najua walipo baadhi yao, kwa sababu nilikuwa huko miaka mingi. Mvulana asiyeweza kusema mbele ya darasa anaitwa pembeni na kuulizwa ana nini. Mimi niliitwa mpole. Niliitwa mtulivu, mwenye adabu, asiye na makuu. Hakuna anayempeleka hospitali mtoto anayesifiwa. Hata nilipokuwa mtu mzima, nikikwepa mikutano kazini na kupitwa na vyeo, watu waliona ni mwanamke asiyependa kujionyesha. (Napenda kujionyesha sana, kwa kweli. Nina maoni juu ya kila kitu, ndiyo maana naandika.)

Nilipojikaza kwenda kliniki moja, aliyekuwa mapokezi aliniuliza, bila kuinua macho, "Unaumwa nini?" Nyuma yangu walikuwepo watu. Nikasema kichwa. Nikaondoka na dawa za kichwa ambacho hakikuwa kikiuma.

Na hili si jambo lisilo na ufumbuzi. Mwongozo wa tiba uliotolewa Uingereza na taasisi ya NICE mwaka 2013 unaligusa moja kwa moja: mgonjwa apewe njia ya kupanga miadi kwa ujumbe au barua pepe, apangiwe saa ambazo hakuna msongamano, aweze kujaza fomu zake mahali pa faragha. Hakuna mashine ya kununua hapo. Kinachotakiwa ni karatasi, kalamu na mtu wa mapokezi aliyeelekezwa.

Tiba yenyewe ipo, na inafanya kazi. Inayopewa nafasi ya kwanza ni ya mazungumzo, ile ya kubadili fikra na tabia, ambayo kwa kawaida huenda wiki kadhaa. Mtaalamu wangu hakunibembeleza nijiamini. Alinikataza kushika kalamu nikiongea, kwa sababu kalamu ilikuwa ngao yangu. Kisha akanirekodi kwa video na kunitaka nijitazame kama ninavyomtazama mgeni. Nilitegemea kuona mtu anayetetemeka kama jani. Nikaona mwanamke anaongea haraka kidogo, basi. Wengine hufanya mazoezi kama haya kwa njia ya intaneti wakiongozwa na mtaalamu, na kwa asiyeweza kutoka nyumbani kwa sababu ya watoto au ya hofu yenyewe, huo ni mlango halali kabisa.

Dawa pia zipo, hasa za kundi la sertralini (hizo hizo hutumika kutibu sonona), na huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Mwanamke ana maswali ya ziada hapa na ana haki ya majibu: kama nina mimba au naipanga, kama nanyonyesha, dawa ipi inafaa? Hazilingani katika hilo. Paroksetini, ya kundi hilo hilo, kwa kawaida huepukwa kwa anayepanga mimba. Usizikatishe ghafla kwa woga bila kuongea na daktari. Mwulize, na kama mdomo unagoma, mwandikie.

Kuandika ndiko kulikonivusha mimi. Nilikwenda kliniki nyingine na karatasi iliyokunjwa, nikaisukuma juu ya kaunta bila kusema lolote zaidi ya salamu. Maneno yalikuwa haya, yachukue kama yalivyo:

"Nina hofu kubwa ya kuongea na watu na imeniharibia kazi na maisha kwa muda mrefu. Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili. Tafadhali msiniulize maswali hapa mbele za watu. Naweza kujibu kwa kuandika."